Kichupa cha Kumi

Wagonjwa walikuwa tisa na alama za kemikali zilikuwa kumi. Tunu, fundi wa maabara aliyebaki peke yake nyumbani tangu mama yake azikwe, alijitoboa kidole akajaza damu yake kichupa cha kumi, kando ya vile tisa vya wagonjwa. Si lazima apatikane mtu asiyeumwa wa kulinganisha nao?

Alizitia protini za kila kichupa alama yake. Alama zile hufanana kama pacha, ila mashine ikizivunja, kila moja hutoa kipande chenye uzito wake, ndipo ijulikane ipi ni ya nani. Kisha akavimimina vichupa vyote kumi ndani ya kichupa kimoja na kukitikisa taratibu. Alijikuta anatabasamu. Alikuwa hajakaa na watu tisa siku nyingi.

Mashine ilisoma kutwa. Alasiri Daktari Kitojo alimwita kwenye skrini. Kwa protini inayoonyesha ugonjwa, mistari tisa ya wagonjwa ilisimama mirefu kama walivyotarajia. Wa kumi uliipita yote.

"Huyu wa kumi ni nani?"

"Ni yule wa kulinganisha nao, daktari."

"Masikini! Mpigie ndugu yake, waje pamoja. Habari kama hii mtu hapewi akiwa peke yake."

"Sawa, daktari."

Tunu alirudi mezani pake, akainua simu ya maabara. Akabonyeza namba ya nyumbani kwake, akavuta kiti, akakaa kuisikiliza ikiita.