Salamu za Saa Tisa

Siku ya tatu redio ilikuwa bado inakaanga tu, kama karai la mandazi. Mwanawetu akaipiga kofi, akaipiga la pili, akaibeba mpaka dirishani, akairudisha mezani.

"Dada, utaivunja bure," Maftah akamwambia. Mdogo wake huyo ndiye fundi redio wa mtaa wao, hapo Old Kampala. "Si redio. Ni jua."

"Jua limefanyaje?"

"Limechafuka. Stesheni za mbali mawimbi yake hupanda juu, yakagonga dari ya anga, yakaturudia. Sasa jua limerusha dhoruba, dari yote imevurugika. Wateja wangu wote wanalia."

"Basi litengeneze, si wewe fundi?"

"Nitengeneze jua? Kale, haya, niletee ngazi."

Mwanawetu hakucheka. Mumewe, Nasser, alikuwa mpiga chapa. Alichapa karatasi za kuwasema wanajeshi, na mwezi wa saba, mwaka ule wa sabini na mbili, akakimbia kabla hawajamjia. Walipatana hivi: akifika Nairobi, atatuma kadi kwenye salamu za saa tisa za redio ya kule. Siku ikisomwa salamu ya Mama Mariamu, mke abebe watoto, ashuke mtaa wa Kabalagala. Gari litakuwa linangoja. Asipotoka, watamjia yeye.

Saa tisa ikafika. Kukaanga tu. Halafu, ghafla, kelele ikakatika, sauti ya mtangazaji ikatoka safi kama yumo chumbani:

"...na kwa mara ya tatu na ya mwisho, Nasser anamsalimu Mama Mariamu, popote alipo."

Mara ya tatu! Imesomwa juzi, imesomwa jana, naye amekaa anasikiliza mandazi. Gari gani litangoja siku tatu? Akamfunga mtoto mgongoni, akamkamata Mariamu mkono, huku analia, huku analilaani jua. Akavuta komeo.

Kizingitini palikuwa na mtu ameanguka, miguu mitupu, shati limeganda damu. Alikuwa Nasser.

"Mmekwenda Kabalagala?" akauliza.

"Nisamehe, Baba Mariamu. Redio ilikufa. Salamu zako tumezisikia sasa hivi, ndiyo kwanza tunatoka..."

Nasser akaweka paji la uso sakafuni, akabaki hapo.

"Walinishikia Jinja, hata mpaka sijavuka," akasema. "Juzi wakanitupa msituni, wakidhani nimekufa. Kadi ile niliiandika mtutu ukiwa kisogoni."