Chai ya Alasiri

Mjini kwetu mtoto hapewi ruhusa ya kuzaliwa mpaka mtu mmoja afe au ahame. Idadi yetu haipandi wala haishuki. Ndiyo maana mgonjwa hapa hakosi wageni.

Jana nilikohoa nikianika nguo uani. Kosa langu mwenyewe. Sisi wazee tulishajifunza kukoholea ndani ya mto wa kulalia. Kabla ya adhuhuri wajawazito wa mtaani walikuwa wamejaa sebuleni na mabakuli ya supu, macho yote kwenye miguu yangu iliyovimba.

"Pole, bibi. Usingizi unapata?"

"Nalala fofofo," nikawajibu. "Na hamu ya kuhama sina."

Salha, mke wa mwanangu, ndiye aliyewatoa. "Mama yangu haendi popote!" Akaubamiza mlango, nami nikapumua. Huyu ndiye mlinzi wangu. Tangu nipatwe na kisukari, kopo la sukari hulificha juu ya kabati, na hata ndizi mbivu hunipokonya mkononi.

Alasiri akaniletea chai. Nikaonja. Ilikuwa tamu kama ya harusini.

"Salha, umesahau?"

Akaketi mkekani, hakunitazama. "Kunywa tu, mama. Nawe ujipe raha kidogo."

Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya tumbo, ndani ya dera pana ambalo sikuwahi kumwona nalo.

"Mumeo anajua?" nikamuuliza.

Kabla hajajibu, mwanangu akaita kutoka jikoni, sauti yake laini:

"Mama, nikuongezee kikombe?"