Kitabu Chini ya Meza

Kwa miaka mitano kitabu cha Eucabeth kilibeba mguu mfupi wa meza ya Bwire, na Bwire alipenda iwe hivyo. Kila alipoinama kuokota skrubu iliyodondoka, alikiona kimekandamizwa sakafuni, na moyo wake ukapoa kidogo.

Bwire alikuwa fundi wa simu mjini Busia. Wateja walimwita Fundi tu; wengi hawakujua jina lake. Kibanda cha jirani kilikuwa cha Eucabeth, msichana kutoka kijiji cha Matayos, aliyeuza vitabu vya mtumba. Januari wazazi walifurika kutafuta vya shule. Kuanzia Februari, hakuna mtu. Ukimwonyesha mtu mzima kitabu, hukwambia bila haya kwamba yeye alimaliza kusoma zamani, kana kwamba kusoma ni surua, ukiugua mara moja basi.

Bwire naye alikuwa amemaliza zamani, ila alimpenda Eucabeth, na mapenzi humfundisha mtu uongo. Aliazima vitabu, akavirudisha baada ya wiki, akavisifu. Hakufungua hata kimoja. Macho yake yalishinda kwenye simu, za watu na yake.

Siku alipojikaza akamwambia anataka kumwoa, Eucabeth aliomba siku mbili. Zilipoisha akamletea kitabu chembamba. Hiki si cha kurudisha, akasema. Asome mpaka mwisho, ndipo waongee.

Alhamisi Eucabeth akapita kibandani kwa Bwire.

"Umesoma?"

"Nimemaliza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa."

"Na unasemaje?"

Bwire akatafuta neno lisiloweza kumuumbua. "Aki, nimekubali," akasema, vile vijana husifu kitu kikali.

Eucabeth alicheka kwa furaha ambayo Bwire hajaisahau. Jumamosi Bwire alishinda kibandani akitazama mpira kwenye simu, akiwaza amnunulie zawadi gani. Jumatatu Eucabeth alipita bila kumsalimu. Alipopigiwa simu hakupokea. Mwezi haukuisha kabla hajafunga kibanda na kuhamia Port Victoria, ambako mwaka jana aliolewa na mwalimu.

Tangu hapo Bwire hakuchoka kuwaambia wateja kwamba mwanamke msomi ni jeuri: leo anakuchekea, kesho anakuona takataka. Alikuwa na miaka arobaini na hakuwa ameoa. Iliuma, na aliyemuumiza alimjua kwa jina.

Leo asubuhi seremala alikuja akapigilia kibao kwenye ule mguu mfupi. Kitabu kikawa hakina kazi tena. Bwire akakipangusa vumbi, akakiweka kando ampe mama wa mahindi ya kuchoma awashie moto.

Kwenye benchi aliketi Amoit, muuza nyanya kutoka Amukura, akingoja simu yake ibadilishwe kioo. Mikono yake haikujua pa kukaa.

"Si unipatie hicho kitabu, Fundi. Simu uko nayo, sasa mimi nitaangalia nini?"

Akakifungua kwa nyuma. Bwire alimtania kwamba hata kushika kitabu amesahau, lakini Amoit akasema yeye huanza mwisho siku zote. Akijua kama watu wanaoana, ndipo anajisumbua na mwanzo.

Akainamia ukurasa wa mwisho. Bwire alikuwa ameshabandika kioo kipya, akawa anakifuta kwa kitambaa.

"Kwani wewe ndio Bwire?"

"Ndio mimi. Nani amekuambia?"

Amoit alifuata kwa kidole mwandiko wa kalamu ya bluu chini ya mstari wa mwisho, akasoma polepole kama mtu aliyekaa muda bila kusoma: "Bwire, jibu langu ni ndiyo. Jumamosi lete wazee wenu Matayos, baba anachinja mbuzi. Kama umekubali siku hiyo, niambie Alhamisi."