Gari la Stima la Musyoka

Nzilani alikuwa amesimama juu ya kigoda, akigeuza mawe ya redio, betri zake ndogo, kwenye bati la jikoni. Redio ilikuwa imenyamaza tangu Jumapili. Jua la kijijini Zombe likiyachoma vizuri, mawe hayo hupata nguvu ya kuongea siku mbili tatu zaidi, na hizo alizitaka sana. Nyumba isiyo na sauti ya mtu humla mwenyewe taratibu.

Mumewe, Mutunga, alikuwa nyuma ya nyumba chini ya msalaba wa mbao, mwaka wa nne sasa. Mtoto wao ni mmoja tu, Musyoka, fundi wa umeme wa magari huko Nairobi. Pasaka alikuja akamwambia mamake kwamba amenunua Peju kuukuu, ile ya nyuma ndefu, akaing'oa injini, na sasa anaitia mota na betri. Gari la stima. Halitakunywa petroli wala kutoa moshi, na sauti halitakuwa nayo. Agosti atakuja nalo amchukue mamake, wakae pamoja, basi upweke uishe.

"Chagua, Mwaitu," alimwambia, akimwita mama kwa Kikamba. "Unataka rangi gani?"

Nzilani alichagua nyeupe. Akataka mapazia madirishani, jua lisimchome. Akataka na viti vya nyuma viweze kulala, magunia yake ya mbaazi yapate nafasi. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua: kilima cha hapa kwetu, litakiweza?

"Litapanda kimya, Mwaitu. Hata kuku wako hawatajua."

Mwendo wa gari hilo haukuwa wa kujivunia. Likitoka Nairobi litachoka Machakos, lilale likichajiwa. Kesho yake lifike Kitui, lilale tena. Kavata, jirani yake, aliposikia hayo alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Hiyo ni gari ama ni mgonjwa? Na ikizima njiani, utaanika mawe yake kwa bati?"

"Cheka tu. Siku moja itashuka hapo, na hutasikia kitu."

"Hata pikapu ya Gicheru wa mboga haisikiki ikishuka hapo. Anazima injini aokoe petroli."

"Ya Musyoka itanyamaza hata ikipanda," Nzilani akajibu. "Kushuka kila mtu anajua. Kupanda ndiyo kazi."

Tangu siku hiyo Kavata hakupita pale bila kumtania. Leo, lakini, alikuja na mzigo wa kuni mgongoni na hakuwa na neno. Nyuma yake walifuata wanawake wa kanisani na mitungi ya maji.

"Redio yako inaongea?" Kavata aliuliza.

"Mawe yameisha. Si unaona nayaanika?"

Wanawake wakatazamana. Kavata akatua kuni, akaingia jikoni, akaanza kuwasha moto bila kuulizwa.

Punde akafika Kisilu, nduguye marehemu Mutunga, na vijana wenye majembe. Nzilani alifurahi. Juma lililopita alimwomba shemeji yake apanue njia ya kuingia bomani na kuilainisha, maana gari lenye betri nzito hukaa chini, na mawe ya njiani yangelikwaruza tumbo.

"Shemeji, kumbe umekumbuka. Musyoka amekuletea habari? Anakuja?"

Kisilu alitazama ncha ya jembe lake. "Anakuja leo."

"Na hamkuniambia."

"Umemeza dawa yako ya presha?"

"Furaha haiui mtu, shemeji," alisema, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Alivaa gauni la Jumapili, akajifunga kitambaa kipya. Kwa muda mrefu alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu, kwamba atakufa usiku peke yake na asigunduliwe mpaka mbuzi walie kwa njaa. Leo hofu hiyo ilimtoka. Subira huvuta heri, wazee hawakukosea. Hata ule ukimya wa wanawake ulimfurahisha kidogo. Alidhani wanaona haya, kwa jinsi walivyomcheka.

Alirudi nje, akapanda tena kigodani ili aone mbali. Hakukaa sana. Gari likatokea kileleni, jeupe, nyuma ndefu, na mapazia yamefungwa madirishani. Likaanza kuteremka polepole. Vumbi lilionekana, lakini sauti haikuwepo kabisa.

"Haya, sikilizeni," Nzilani aliwaambia, na machozi ya furaha yakimtoka. "Mnasikia kitu?"

Kavata alikuja akamshika kiunoni, akamshusha, wala hakumwachilia.

"Niache, Kavata. Niende nikamfungulie mtoto lango."

Kavata alizidi kumshika. Nzilani akatazama njia ya kuingilia. Haikuwa imeguswa. Mawe yalikuwa palepale, na hapakuwa na kijana hata mmoja. Majembe aliyasikia nyuma ya nyumba, yakichimba kando ya Mutunga.

Gari likafika chini kwenye kijito, likaanza kupanda kuja kwake. Injini ikanguruma, na kuku wakatawanyika.