Majuto ya Mhubiri Saimone

Dhambi za Saimone zilikuwa chache mno, na jambo hilo lilikuwa limeanza kumchosha mchungaji.

"Nyingine?" Mchungaji Feleti aliuliza, amepiga magoti kando ya kitanda.

"Mwaka wa kile kimbunga kikubwa niliogelea Jumapili."

"Kujiburudisha?"

"Kumwokoa nguruwe."

Mchungaji akashusha pumzi. Kwa miaka arobaini na minne jina la Saimone lilikaa kwenye orodha ya wahubiri wa kisiwa bila kufutwa. Wenzake walifutwa kwa kucheza karata, wengine kwa nyimbo za mapenzi, na mmoja, maskini, kwa sababu mkewe alionekana akicheza ngoma kwenye harusi ya shemeji yake. Saimone hata kucheka walikuwa hawajamwona. Sidhani visiwa vyote vya Tonga vilikuwa na uso uliokunjamana kama ule. Mchungaji akaomba, akatoka barazani kwa ndugu waliokaa mikekani tangu asubuhi. Daktari alikuwa amesema hafiki Jumapili, na ile ilikuwa Alhamisi.

Chumbani wakabaki wawili, mzee na mkewe Losaline.

"Losa, kuna moja sijamwambia mchungaji."

Losaline aliacha kumpepea. "Sema, mhubiri." Alimwita hivyo hata wakiwa peke yao, tangu siku ya harusi.

"Sijawahi kukusikia ukicheka. Miaka yote hiyo! Nilioa binti wa mchungaji, nikajiambia huyu katoka nyumba takatifu, nisimletee upuuzi wangu. Nikakunja uso, na uso nao ukazoea. Sasa nakwenda mbele ya Mungu, ataniuliza, yule mwanamke niliyekupa ulimfurahisha? Nitamjibu nini, Losa?"

Akaanza kulia. Losaline alijikuta njia panda. Akisema, mumewe angekufa akijua kwamba alidanganywa maisha mazima. Akinyamaza, angekufa akililia kosa ambalo hakulitenda. Akatazama mlango kama umefungwa, kisha akainama sikioni mwake.

"Futa machozi, wewe mwanamume. Nimecheka sana tu."

"Lini?"

"Kila Ijumaa. Pale nyumba ya kusukia mikeka. Sisi wanawake tunasuka nusu saa, halafu Lavinia anafunga madirisha, tunacheza ngoma mpaka sakafu inaomba msamaha. Nawaigizia unavyohubiri, na kile kidole chako. Kuna siku nilicheka mpaka nikajikojolea, nikaja kukwambia nimenyeshewa."

"Ndiyo maana mkeka mmoja unakuchukua mwaka?"

"Ndiyo maana. Nisamehe, mhubiri. Nilijua ukisikia utaumia, na kanisa likisikia litakufuta."

Saimone alielekeza macho darini. Losaline akajiona amemmaliza kwa mkono wake mwenyewe.

"Kila Ijumaa?" hatimaye mzee aliuliza.

"Kila Ijumaa. Ukishaondoka tu kwenda kwa mzee Kivalu kumwombea mgongo."

Mzee akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na Losaline akadhani ni kilio kimerudi.

"Losa," akasema kwa taabu, "Kivalu hajaumwa mgongo hata siku moja. Ana gitaa yule, na ana karata. Na mimi nawaigizia wazee wa pale wewe unavyobariki chakula mpaka kinapoa."

Losaline alimkodolea macho. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda. Akaziba mdomo kwa shuka, wapi! Kilitoka kikubwa, cha kupasua, kile kile cha Ijumaa, akajitupa kifuani mwa mumewe huku machozi yakimtiririka. Saimone alimshika mkono kwa nguvu, akacheka naye bila sauti, mapengo yote nje. Losaline hakuwahi kujua kwamba mumewe ana vishimo mashavuni.

Barazani wakaisikia sauti ile, wakajua ni kilio cha mjane, wakainamisha vichwa. Ana, binti yao, akaangua kilio. Mtu mmoja akakimbilia kengele ya kanisa, na mchungaji akaanzisha wimbo wa msiba, wanawake wakaudaka, wanaume wakauingia kwa sauti nzito.

"Unawasikia?" Losaline alisema, hajaweza hata kuvuta pumzi vizuri. "Wameshakuzika, mhubiri! Waitikie basi, wakimbie!"

Alingoja. Mapengo yote yalikuwa bado nje, ila mkono ulikuwa umeacha kumshika.