Bi Stempu

Fundi cherehani alifungua kabati la nguo za wateja akamkuta mtoto wa kaka yake amejikunyata humo ndani, katikati ya magauni, simu mdomoni.

"Makubwa! Tangu lini unaishi na nguo za watu?"

"Shii, shangazi. Narekodi utafiti wangu. Nguo zinameza mwangwi."

Shangazi alichomoa gauni la zambarau ambalo mteja alikuwa akilisubiri mlangoni. "Haya, endelea. Ila hilo la kijani usilikalie, mwenye nalo ana mdomo."

Akafunga kabati taratibu.

Binti alikuwa mwaka wa nne wa udaktari katika historia. Alitafiti barua za wanawake wa zamani wasiojua kuandika, waliokwenda kwa makarani waliokaa nje ya posta na mashine zao za chapa, wakawatajia maneno ya kuwaandikia waume walioko mbali; wachache waliobaki hai walimsimulia walichokuwa wamesema hasa. Miaka minne, na hakuna mtu nje ya idara aliyewahi kumsikiliza hadi mwisho. Hata shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kisha anamuuliza kama ameshakula.

Ndipo chuo kikatangaza mafunzo: Jumamosi sita, kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa historia, fasihi na falsafa, wajifunze kuufikisha utafiti wao kwa watu kwa njia ya podikasti. Mkufunzi alikuwa mtangazaji mstaafu wa redio, mama mwenye sauti nzito na subira ndogo. Siku ya kwanza kila mmoja alisoma ukurasa wa tasnifu yake. Binti alipofika kwenye "muktadha wa upatanishi wa kimatini," mkufunzi alimkatiza.

"Mwanangu, hapo unaongea na nani?"

"Na wasomi wa fani yangu."

"Wako wangapi?"

Binti alihesabu moyoni. "Watano."

"Hao watano watakusoma, waache. Niambie mimi. Huyo mwanamke wa barua alitaka nini?"

"Alitaka mumewe arudi. Alisema, 'Mwambie mtoto ameota meno na hajui uso wako.' Karani akaandika, 'Nakuarifu kwamba sote tu wazima.'"

Wenzake wote waligeuka kumtazama.

"Una shangazi?" mkufunzi aliuliza. "Basi kamwambie hivyohivyo, na sisi tutasikia."

Tatizo lilikuwa Profesa, msimamizi wake. Alikwisha kusema mbele ya semina nzima: "Utafiti si tangazo la sabuni. Siku nitakayomsikia mwanafunzi wangu kwenye hayo mapodikasti, atafute msimamizi mwingine." Wala hakuwa anatania. Mwaka uliopita alimwacha kijana mmoja kwenye mataa kwa sababu ya makala moja tu ya gazeti. Mbele yake sauti ya binti ilinyauka. Kwa miaka minne hakuwahi kumwambia jambo refu kuliko "ndiyo, Profesa" na "nitarekebisha, Profesa."

Kwa hiyo kabatini alijiita Bi Stempu.

Kila Alhamisi Bi Stempu alisimulia barua moja: kilichosemwa, na kilichoandikwa. Kufikia kipindi cha kumi na mbili, wateja wa shangazi walikuwa wakimjadili huku wanapimwa viuno. Mmoja alilia, akasema Bi Stempu lazima ni mtu mzima aliyeona mengi. Shangazi, pini tele mdomoni, aliendelea kupima.

Siku hizohizo binti aliirudia sura ya tatu ya tasnifu. Aliifuta yote, akaiandika upya kama alivyoisema kabatini. Kwa mara ya kwanza aliwasilisha kazi bila kuionea haya.

Baada ya wiki moja ujumbe wa Profesa uliingia: *Njoo ofisini. Leo.*

"Kashajua," alimwambia shangazi.

"Basi nenda kaseme kweli. Hujaua mtu."

Profesa hakumkaribisha kiti. Sura ya tatu ilikuwa mezani imejaa wino mwekundu, na juu yake simu yenye waya wa masikioni.

"Nadhani unajua nimekuitia nini."

"Najua, Profesa," alinong'ona.

"Jana nilisikiliza huku kurasa zako ziko mkononi. Utabisha?"

"Sibishi."

"Ulianza lini?"

"Kwenye yale mafunzo ya Jumamosi."

"Ukadhani sitagundua."

"Nilidhani Profesa hasikilizi vitu vile."

"Aa! Kumbe hicho ndicho kilichokupa kiburi." Alizisukuma zile kurasa pembeni. "Una lolote la kujitetea?"

Binti alizitazama kurasa zake zilizojaa wino. Aliiona miaka minne ikitoka mlangoni, na pamoja nayo lile joho la mahafali ambalo shangazi alishaapa kulishona mwenyewe. Lakini aliwaona pia wale wanawake wa posta, na makarani waliowapunguzia maneno.

"Nisamehe kwa kukuficha, Profesa," alisema kwa taabu. "Ila kazi yenyewe siijutii. Ni kazi nzuri."

"Ni nzuri mno!" Profesa alipiga meza. "Hapo ndipo panaponiuma!"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Aliposema tena hakuwa na ukali. Alikuwa kama mtu aliyeumizwa nyumbani kwake.

"Mke wangu ndiye aliyenifungulia kipindi cha kwanza. Tangu siku hiyo, mimi na yeye, hatujakosa Alhamisi hata moja. Sasa hebu niambie, mtoto wa watu: ulipata wapi moyo wa kumwibia Bi Stempu sura nzima, neno kwa neno?"