Sauti ya Jikoni

Siku hizo sauti haikutapakaa ovyo ndani ya nyumba. Kila neno lilisafiri kama mwali wa mwanga: zito katikati, likififia pembeni, likipanuka kidogo kadiri lilivyokwenda, mpaka likamfikia aliyekusudiwa peke yake. Nyumba yenyewe ndiyo iliyopiga hesabu za njia, nayo ilizijua sauti za wenyeji wake wote. Majirani walilala raha, wambeya wakakosa kazi.

Shemsa alikuwa amenuna tangu Ijumaa, mumewe Khatibu alipokigawa kitanda cha marehemu mama yake Shemsa bila kumwuliza. Tangu hapo hakumsemesha hata neno, na ajabu ni kwamba mwanamume yule alizidi kuchangamka.

Alasiri hiyo Shemsa alitoka uani kuanika sinia la shaba, akaliegemeza ukutani mkabala na dirisha la jikoni. Khatibu alikuwa sebuleni, akielekeza maneno yake jikoni, alikodhani mkewe yuko. Ukingo wa mwali ukapita dirishani, ukaligonga sinia, ukatawanyika, na maneno yakamdondokea Shemsa sikioni, mepesi kama vumbi la unga.

"Mama Rukia, mke wangu, bado una kinyongo nami?"

Shemsa akafumbua kinywa amjibu kwamba anacho, tena tele. Kabla hajatamka, sauti yake mwenyewe, laini kuliko ilivyowahi kuwa, ikajibu kutoka jikoni:

"Hata kidogo, mume wangu. Yalishakwisha."

Khatibu akacheka kwa raha. Jikoni hapakuwa na mtu, ila sufuria ikitokota.

Shemsa akaligeuza sinia taratibu, akabana pumzi, asikie yeye mwenyewe atasema nini tena.